Hana Wawili Nyumba Moja

Wanaoniuliza namna ya kuomba kwa kutumia Maandiko huwa ninawaambia kwanza jambo ambalo hawalitarajii: angalia umesimama wapi ndani ya habari unayoisoma. Mengine yote utayapata polepole, usiwe na haraka. Hili la kusimama nililijifunza Kindu, enzi za Zaire, nyumbani kwa mama mkwe wangu, na mwalimu wangu alikuwa wivu.

Nyumba yetu ilikuwa karibu na reli. Bwana wangu alifanya kazi kwenye gari-moshi la mizigo lililokwenda kusini kupitia Kibombo, na gari-moshi hilo lilipoharibika njiani, naye alibaki nalo huko huko mpaka litengenezwe. Sikuwa na mtoto. Arusi yetu ilikuwa imekwisha kuwa ya zamani, na majirani walikuwa wameacha kuniuliza, jambo ambalo linauma kuliko kuulizwa. Kitu kimoja tu katika nyumba ile kilikuwa changu, nacho kilikuwa sala ya asubuhi.

Mama mkwe alikuwa na desturi yake. Kabla mtu hajashika jembe au kikapu, alifunga mlango, tukakaa juu ya mikeka, tukasoma kipande cha Biblia, kisha yeye akataja mtu wa kutuombea. Aliyetajwa siku hiyo alitembea kama mwenye funguo za nyumba. Tangu nilipoolewa alinitaja mimi. Mlango ukiwa umefungwa, aliniita kwa jina langu la ubatizo, lile ambalo serikali ilikuwa imelikataza pamoja na majina yote ya Kikristo na ambalo barabarani hakuna aliyelitamka. Nami niliomba vizuri, nasema bila kujivuna. Shuleni nilikuwa nimeshika Zaburi nyingi kwa moyo, nikazitoa moja baada ya nyingine, ndefu, bila kukosea.

Halafu mdogo wa bwana wangu, aliyefanya kazi kwenye bandari ya mtoni, akaoa msichana kutoka Kalima.

Baba yake alikuwa mwinjilisti huko kwenye machimbo ya bati. Binti mwenyewe alikuja na sanduku moja na sauti ambayo hakuitafuta. Siku za kwanza alisema amina pamoja na wengine, akaniita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima, akanipokea mtungi mkononi kila tuliporudi kutoka kisimani. Nilimpenda. Kisha asubuhi moja mama mkwe akasema, "Leo tusikie wa Kalima."

Tulikuwa tumesoma maneno ya Yesu kwamba hata nywele za vichwa vyetu zimehesabiwa. Mimi ningaliyarudia yalivyo na kuongeza Zaburi. Yeye akaanza, kama anazungumza na mtu aliyekaa pale kwenye mkeka: "Bwana, wewe unayezijua nywele zetu, basi unalijua na lile jiwe la jiko linalotikisika, ambalo mama anaogopa litamwaga chungu. Unaijua na ile gari-moshi, imesimama pori gani. Wewe unahesabu vitu vidogo. Utuhesabu na sisi leo." Akamaliza. Ilikuwa fupi kama pumzi.

Mama mkwe alikuwa analia. Mimi sikuwahi kumliza.

Kuanzia hapo jina langu halikutajwa tena. Asubuhi kwa asubuhi alisema, "Wa Kalima, utuombee." Nami niliinamisha kichwa na kusikiliza kila neno, nikilitafutia kosa. Nikimkuta anatwanga sombe, yale majani ya mihogo, midomo yake inacheza, nilijua anakipika kile kifungu cha asubuhi, anakigeuza na kukigeuza mpaka kiive. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yake, na hakuificha. Alichukua neno moja, akatembea nalo kutwa, akaliuliza: linasema nini juu ya Mungu, na linagusa nini hapa nilipo? Ni njia nzuri. Ninaifundisha hadi leo. Wakati ule niliichukia kwa sababu haikuwa yangu.

Nilijaribu kumwiga. Mara moja mama mkwe, labda kwa huruma, alinitaja tena, nami nikasema kwa sauti ya polepole kama ile ya Kalima: "Bwana, wewe ndiwe mchungaji wangu, na mbuzi wa jirani wanakula mihogo yetu." Nikakwama hapo. Nikasikia mama mkwe anakohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko. Wa Kalima hakucheka, na hilo sikumsamehe.

Kisha tumbo lake likaanza kuonekana.

Sasa nieleze habari niliyokuwa nikiisoma wakati huo, maana bila hiyo hutanielewa. Katika kitabu cha kwanza cha Samweli kuna mtu mwenye wake wawili. Mmoja, Penina, ana watoto. Mwingine, Hana, hana mtoto. Penina anamchokoza Hana mwaka baada ya mwaka mpaka Hana hawezi kula. Mwisho Hana anakwenda nyumba ya Mungu, anaomba kwa uchungu, midomo inacheza bila sauti, hata kuhani anadhani amelewa. Mungu anamsikia, anapata mtoto.

Unaona nilivyojipanga. Kila jioni niliiomba Biblia ya mama, nikaingia chumbani, nikawa Hana. Nilichukua machozi yake kama nguo iliyokatwa kwa kipimo changu. Na kwa kuwa habari ile inataka Penina, nilimpa nafasi hiyo mke wa shemeji. Yeye hakuwahi kunichokoza hata neno moja, lakini nilipoomba nilimsikia akinichokoza. Akiweka mkono kiunoni kupumzika, nilisema moyoni, Penina anajionyesha. Akinipunguzia kazi, Penina ananionea huruma mbele za watu. Nilisema na Mungu habari zake kila jioni, nikatoka chumbani nikiwa na moto zaidi kuliko nilivyoingia. Nikashangaa kwa nini sala haiponyi.

Mambo yalipasuka siku ya salongo, ile kazi ya lazima ya Jumamosi. Siku hiyo wanawake wa mtaa wetu tulitumwa kufyeka majani kando ya reli. Mama mkwe alikuwepo na jembe lake. Alikuwepo pia jirani yetu mwislamu, mama mnene mwenye maneno matamu, ambaye ukuta wake na wetu ulikuwa kama mmoja. Akaniambia, tena kwa nia njema kabisa, "Asubuhi nilisikia sala yenu. Ile sauti ya muke mudogo inapita ukuta! Hata miye mwislamu nilisema amina."

"Endelea kumusifu," nikajibu. "Penina hajashiba sifa."

Wa Kalima alikuwa nyuma yangu. Akasimama wima, mkono mgongoni. "Yaya, nani Penina?"

"Mwenye tumbo anajijua."

"Miye?" Akatupa kisu chake majanini. "Miye Penina? Miye njo Hana! Kila siku nasoma ile habari nalia, na weye unaniita Penina?"

"Hana gani iko na tumbo namna ile?" Wanawake wakaanza kucheka.

"Na Hana gani iko na bwana wa kumuletea sabuni?" Sauti ile nzuri ikapasuka. "Bwana yako akishuka kwenye gari-moshi, anatoa muchele wa Kibombo kwa mama, halafu iko na kafurushi ka pembeni. Ka nani? Kako! Sabuni ya harufu! Unaoga, harufu inapita kwetu, miye nakaa na tumbo yangu nanusa! Bwana yangu anatoka bandarini, anakula, analala. Hata jina yangu hanitajake. Weye unapendwa, yaya. Unapendwa mpaka jirani wanajua. Njo vile ninalia sawa Hana."

Nilikuwa nimejiandaa kwa majibu yote isipokuwa hilo. Yule niliyemwonea wivu usiku na mchana alikuwa ameketi upande wa pili wa ukuta wa chumba changu akinionea wivu mimi.

Jirani mwislamu akaweka panga chini. "Ngojeni, ngojeni. Miye hii habari siijue. Hana njo nani?"

Mama mkwe akamweleza kwa ufupi, ameegemea jembe, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Jirani akasikiliza vizuri, akatutazama mimi na mwenzangu kwa zamu.

"Sawa. Hana wawili nimewaona. Sasa yule mubaya, yule Penina, njo nani?"

Mimi nikainama kufyeka, mwenzangu akatafuta kisu chake majanini.

"Wamenibakishia miye," mama mkwe akasema. "Miye na uzee yangu!"

Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Mwenzangu alicheka huku analia. Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nafikiria ile sabuni. Nilikuwa naiogea bila kuiona.

Jioni mama mkwe alituita wote wawili, akafungua Biblia yeye mwenyewe, akaiweka kati yetu. "Someni tena. Ndani ya nyumba hii leo hakuna Hana. Kila mumoja wenu ni Penina. Mukimaliza, mulale."

Nilisoma mimi. Nilikuwa nimeipitia habari ile mara nyingi hata naweza kuisema nikiwa nimefumba macho, lakini sikuwahi kuisoma nikiwa nimekaa kwenye kiti cha yule mwingine. Na ukikaa kwenye kiti kile unaona kitu ambacho mimi nilikuwa nakiruka. Siku ya sadaka, yule mume anampa Penina na watoto wake mafungu yao. Hana anapewa fungu la pekee, kwa sababu yeye ndiye anayependwa. Penina anaona. Kila mwaka anaona. Watoto wamejaa mikononi mwake, na macho yake yako kwenye sahani ya mwenzake.

"Ile njo sabuni," mwenzangu akasema polepole.

"Njo sabuni," nikasema.

Sikumkumbatia, wala hakuniomba msamaha. Tulikaa tu, taa kati yetu, kila mmoja anatazama sahani ya mwenzake: mimi tumbo, yeye furushi. Nikatambua kwamba maneno yote niliyoyakopa kwa Hana yalikuwa yake, na kilichokuwa changu kweli, wivu, sikuwahi kukileta kwa Mungu. Nilikuwa nimekivika nguo za mtu mwingine ili nisikione. Maombi ya Hana ni mazuri, na siku nyingine niliyaomba tena kwa haki. Lakini usiku ule sala yangu ilitakiwa kuanzia kwa yule ambaye hakuna anayependa kuitwa kwa jina lake.

Ndiyo maana ninakuambia wewe unayeanza: ukifungua habari, usikimbilie kiti kizuri. Jaribu kwanza kile usichokipenda. Kaa hapo, tazama habari yote kwa macho ya mtu huyo, halafu mwambie Mungu unachokiona. Kama si mahali pako, utaondoka tu, hukupoteza kitu. Kama ni pako, utajua mara moja, maana maneno yatakuja bila kutafutwa. Utaona aibu kidogo. Usiogope, inapita.

Asubuhi yake mama mkwe alifunga mlango kama kawaida. Tukakaa juu ya mikeka, mimi upande huu, mwenzangu upande ule, miguu yake imenyooka kwa uzito. Mama akatazama juu ya vichwa vyetu, kwenye ukuta, akasema, "Penina atuombee."

Tukaitika wote wawili kwa pamoja.

Akacheka yule mzee, akafuta macho kwa ncha ya kitenge. Mimi nikamwachia mwenzangu aanze. Akasema, "Bwana, unaona sahani ninayoitazama. Wewe uliyenipa hii yangu, unifundishe kuila." Basi. Kisha nikaomba mimi, ndefu, nikimtajia Mungu tumbo lile, na mikono yangu mitupu, na uchungu wa kusikia jina la mwingine likitajwa mahali ambapo langu lilikuwa linatajwa. Sikuweka Zaburi hata moja. Nilipomaliza, mama mkwe aliniita kwa jina langu la ubatizo, akasema amina.

Ilikuwa sala ya kweli, ya kwanza niliyoomba katika nyumba ile. Lakini ya mwenzangu ilikuwa nzuri zaidi. Fupi, kama pumzi. Nilijua hivyo nikiwa bado nimefumba macho, na iliniuma, nami nikamwambia Mungu hilo pia kabla sijasimama kuchukua jembe.