Hisa ya Mdogo Wangu

Sijauza, na siuzi. Naanza na hilo ili mtu asisome hadi mwisho akitafuta bei.

Kampuni yetu ni ndogo kiasi kwamba mgeni akipita bila kuambiwa atadhani ni banda la kupikia la mwenye harusi. Chumba kimoja cha matofali, friza mbili, meko ya kuni uani, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa rangi ya kijani. Iko kandoni mwa njia ya kuteremkia Wete. Tunauza maziwa ya mbuzi na mtindi wake. Ya ng'ombe yapo kila duka, na pakiti kutoka Bara zimejaa tele. Yetu ni kwa wale ambao maziwa ya ng'ombe yanawakataa: watoto wanaoharisha na kutoka vipele, wazee wanaovimbiwa, wagonjwa waliotoka hospitali na hawawezi kutia kitu kizito tumboni. Wako wanaovuka kutoka kisiwa cha Fundo asubuhi na vidumu vyao, wakachukua, wakarudi kabla jua halijapanda.

Tulianzisha sisi wanawake kumi na wawili, kila mmoja na hisa moja. Bwana mmoja wa ofisini alitusaidia kuandika katiba. Alipofika kwenye kifungu cha hisa, nikamwambia aandike kwamba kila mwenye hisa ana zamu. Mwenye zamu anafika baada ya sala ya alfajiri, anapokea maziwa kutoka majumbani, anayachuja, anayachemsha, anayapoza, anayafunga, kisha anasugua masufuria mpaka yang'ae. Zamu inasamehewa kwa maradhi, uzazi au eda. Haiuzwi, wala hapelekwi kibarua. Na asiyetimiza zamu hana mdomo kikaoni.

Yule bwana akacheka. "Bi Mwenyekiti," akasema, "hisa ni mali, si kazi."

"Andika," nikamwambia.

Akaandika. Zamu hiyo hatukuitoa kwenye kitabu chochote. Ndivyo tunavyopika kwenye harusi na khitma tangu bibi zetu. Aliyekuja kukaa tu akisubiri sahani tunamjua, na hatumsahau.

Uvumi ulianza na mtu mwenye viatu visafi. Alisimamisha gari mlangoni, akanunua mtindi wote uliokuwamo kwenye friza, akapiga picha ubao, akapiga picha pakiti mbele na nyuma, akauliza maji tunayooshea yanatoka wapi. Tukamjibu kwa adabu, akaaga, akaondoka. Jioni ile ile simu za watu zikaanza kulia. Ikapita sauti ya mtu tusiyemjua, anazungumza kama aliyekuwamo ndani ya gari: kampuni kubwa ya maziwa ya Bara inataka kutununua, imeshatuma mtaalamu, imeshakubali bei. Kila aliyeipokea akaongeza chumvi yake kabla ya kuituma mbele. Ilipofika Chake tulikuwa tumeshanunuliwa, na watu wananipongeza njiani.

Nilicheka siku ya kwanza. Siku ya pili sikucheka, kwa sababu mtoto wa ami yetu alikuja na kilo mbili za tende.

Huyu ni mtu mwenye duka la saruji na mabati kule Chake. Si mtu mbaya. Msibani yeye ndiye wa kwanza kuleta gunia la mchele, na hasemi. Lakini akisikia kitu kitapanda bei, hapati usingizi. Alikaa barazani kwangu, akauliza hali za watoto mmoja mmoja, kisha akaniuliza hisa yangu naiuza kiasi gani.

"Kwani nimekwambia nauza?"

"Dada, hawa wakija watachukua kwa watakavyo. Bora ziwe mkononi mwa mtu mmoja wa nyumbani, anayejua kupatana."

"Wameshakuja?"

"Watakuja."

Nikamrudishia tende zake. Haikumzuia. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na kila nyumba alijua pa kugonga. Mmoja alikuwa anaoza binti. Mwingine alikuwa na nia ya kwenda Hija na nauli haijatimia. Mwingine mume wake anataka injini ya boti. Hisa ambayo mwaka uliopita usingeweza kumpa mtu kwa bure, maana ilikuwa na kazi ndani yake, sasa ilikuwa inapiganiwa. Hakuna mbuzi hata mmoja aliyezaa pacha zaidi, hakuna tone la maziwa lililoongezeka. Kilichopanda bei ni maneno ya watu.

Akapata hisa sita. Mimi nilikuwa na hasira za kuweza kuchemshia maziwa bila kuni. Wale waliouza walikuwa wenzangu. Tulibeba matofali ya chumba kile vichwani pamoja. Nilipokutana nao niliwasalimu, maana salamu ni haki ya mtu, lakini moyo ulikuwa mzito na uso wangu haujui kuficha.

Sita kwa sita. Akipata moja zaidi, kampuni ni yake, aiuze kwa atakaye, aibomoe, aifanye stoo ya saruji. Na watano waliobaki nami nilikuwa na hakika nao wote, isipokuwa mmoja, na huyo ni mdogo wangu, tumbo moja.

Tunakaa ua mmoja. Ameondokewa na mume, watoto wake wakubwa wako Unguja, na yeye ndiye anayefuga mbuzi wengi kutushinda sote. Majani ya mfenesi anayakata mwenyewe, kukamua anakamua mwenyewe. Na tangu mwaka uliopita macho yalikuwa yanamtesa. Kila zamu yake alitoka kule kwenye meko macho mekundu, yanamwagika maji, na daktari alishamwambia ajiepushe na moshi, lakini kusamehewa zamu hakuomba. Aliponiambia kwamba mtoto wa ami amemfuata, na kwamba anafikiri, nilipandwa.

"Unafikiri nini? Cha kufikiri hapo ni kipi?"

"Nafikiri niuze, nifungue kibanda cha vitambaa hapa hapa uani. Nikae kivulini. Kuna dhambi?"

"Na watoto wa watu wakanywe nini?"

"Dada, mie nimewazaa hao watoto wa watu?"

Nilimwambia maneno mengi ambayo hayana haja ya kurudiwa. Naye akanijibu moja tu, kwamba ubao wa mlangoni hauchemshi maziwa. Tangu siku hiyo chakula tulipelekeana kama kawaida, na alfajiri alinigongea dirisha niamke kama alivyozoea, lakini mazungumzo yalikatika. Niliogopa. Sikumwambia mtu, lakini nililala nikiogopa na nikaamka nikiogopa, na mchana nikitembea kifua mbele watu wasijue.

Wakati huo huo mtoto wa ami alikuwa na hisa sita, yaani zamu sita. Sijui kama aliwahi kulifikiria hilo. Zamu yake ya kwanza ilipofika, hakutokea. Ya pili akamleta kibarua wa kubeba saruji, mtu mzima mwenye heshima zake. Tukamkaribisha, tukamnywesha chai na mkate wa kumimina, tukamwambia arudi amsalimie tajiri wake. Ya tatu, ya nne, hakuna mtu. Maziwa yaliletwa majumbani kama kawaida, na tuliobaki tukazibeba zamu zake juu ya zetu, maana mtoto anayeharisha hajui habari za hisa. Mdogo wangu alibeba zaidi ya wote. Nilimwona akipepesa macho kwenye moshi na sikuwa na uso wa kumwambia kitu.

Katikati ya hayo nikapata habari za yule mwenye viatu visafi. Mteja wetu mmoja kutoka Msuka alinieleza huku akicheka: ni mkwe wa watu wa huko, anaishi Bara, mwanawe hawezi maziwa ya ng'ombe, na zile picha zilikuwa za kumtumia mkewe amhakikishie kama ni maziwa yenyewe. Basi. Ndiye mtaalamu wetu huyo. Nikaenda kwa miguu yangu nyumba kwa nyumba nikawaambia watu. Mnajua walivyonijibu? Kwamba ndivyo kampuni kubwa zinavyofanya, zinajificha. Mmoja akanishika mkono kwa huruma akaniambia, "Bi Mwenyekiti, usijitie kutojua." Nilirudi nyumbani na ghadhabu zangu. Bei ikapanda tena.

Mtoto wa ami akaitisha kikao. Ana haki, katiba inasema mwenye hisa anaweza. Tulikaa chumbani kwetu, mkekani, friza zinanguruma nyuma yetu. Na wale sita waliouza walikuja kusikiliza, wakasimama mlangoni, na sikuwafukuza.

Akaanza kwa bismillahi na maneno mazuri. Akatusifu. Akasema wakati umefika kampuni iwe na sura ya kampuni. Nikamkatisha.

"Kaka, kabla hujaendelea. Zamu zako umetimiza?"

"Zamu ni mambo yenu ya jikoni. Mimi nimenunua hisa."

"Katiba inasema asiyetimiza zamu hana mdomo."

"Dada, tukifika korti, hiyo zamu yenu hakimu ataicheka."

Huenda alikuwa na haki. Mimi sikusoma sheria, na mpaka leo sijui hakimu angesema nini. Nilimwambia aende huko kortini, nami nitakwenda na sufuria langu lililoungua chini, nimwonyeshe hakimu hisa inavyofanana. Watu mlangoni wakaangua kicheko. Yeye hakucheka. Akanigeuzia bega, akamtazama mdogo wangu, akataja mbele ya wote bei ya hisa yake. Ilikuwa maradufu ya aliyowapa wenziwe. Mlangoni kicheko kikakatika pale pale.

"Haya, dada mdogo," akasema. "Hapa hakuna zamu wala nini. Wewe sema tu ndiyo, macho yako yapumzike."

Mdogo wangu alikuwa amejikunyata kwenye buibui lake, anafuta jicho kwa ncha ya mtandio. Hakunitazama mimi.

"Kaka, n'kuulize. Hao watu wa Bara wakija, mbuzi watakamuliwa na nani?"

"Wataajiri watu."

"Watu gani?"

"Si nyinyi nyinyi. Mtalipwa mshahara."

"Yaani mie ntakamua mbuzi zangu mwenyewe, n'taamka alfajiri ile ile, n'takaa moshini mule mule, halafu jioni n'kamwombe mtu ruhusa ya kwenda kumzika jirani yangu?"

Mtoto wa ami akafungua mdomo, yeye akainua mkono.

"Siuzi. Pesa zako nzuri, na n'nazitaka, sikudanganyi. Lakini siuzi. Na hizo sita zako ukishindwa kuzichukulia zamu, warejeshee wenyewe kwa bei uliyonunulia, walipe kidogo kidogo. Wako hapo mlangoni."

Moyo wangu ulipaa. Niliinuka pale mkekani nikataka kumkumbatia, nikataka kupiga vigelegele kabisa, na maneno ya kumshukuru yalishanijaa kinywani. Nilianza kusema kwamba nilijua, kwamba damu yangu haiwezi kunitupa.

"Kaa chini, dada," akasema. "Sijafanya kwa ajili yako."

Nikakaa.

"Wiki zote hizi umekuwa ukipiga kelele, hatuuzwi, hatuuzwi. Barabarani, sokoni, kwa watu wa Msuka. Vizuri. Lakini yuno kaka amenifuata mara ngapi, na kila akija anauliza macho yangu. Weye umo ua mmoja nami, hukuniuliza. Sasa hisa yangu ina bei, ameisema mwenyewe, wote mmesikia. Mie bei yangu n'naitaka kwako. Meko ya kuni yavunjwe. Jiko la gesi liingie kabla ya Ramadhani, na mitungi iwe ya kampuni. Faida ya mwaka huu msigawane, itoke humo. Na mpaka liingie, mie zamu yangu ni ya kufunga pakiti tu, na ya motoni utaichukua weye, mwenyekiti. Ukikataa, kaka hajaondoka bado. Yuko hapo."

Kweli alikuwapo. Alikuwa ametulia kabisa, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya tende niliona matumaini yamemrudia usoni.

Mimi ndiye niliyemwambia bwana wa ofisini aandike. Mimi nilikuwa nimeandaa maneno ya kumkabili mkurugenzi yeyote kutoka Bara, maneno makali, nimeyapanga kichwani kila alfajiri nikienda kwenye zamu yangu. Kwa mdogo wangu sikuwa nimeandaa hata moja. Wenzangu walikuwa wananitazama, wa mkekani na wa mlangoni.

"Ndiyo," nikasema.

Akaushusha mtandio kutoka kwenye jicho.

"Waliosimama mlangoni hawajasikia, dada. Sema kwa sauti."

Nikasema kwa sauti.