Siku Nilipomnyamazisha Wekesa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila nikipita Shianda, mwanangu, na leo nitakusimulia kwa sababu nimesikia wamekuchagua kuwa mwenyekiti wa stendi yenu ya bodaboda. Nimeliona pia koti jipya lenye maandishi mgongoni. Limekupendeza. Mimi enzi zangu sikuwa na koti, lakini maringo nilikuwa nayo ya kutosha watu watatu.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nikafanywa nyapara wa wakataji miwa kumi na wawili. Aliyenitangulia, Mzee Shiundu, alikuwa ameacha kazi kwa sababu ya mgongo. Walinichagua kwa kuwa nilijua kusoma na sauti yangu ilifika mbali. Basi nami nikadhani uongozi ni sauti. Wenzangu wakiinama na mapanga, mimi nasimama barabarani na karatasi mkononi, miguuni gambuti zangu za mpira, safi, nikiita majina.

Asubuhi hiyo tulikuwa Shianda, kwa Mama Makokha, mjane aliyekuwa na robo ekari tu ya miwa. Alikuwa ameitunza karibu miaka miwili, akipalilia mwenyewe, na hakuwa na zao jingine la kutegemea. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Kabla hatujaanza, mkataji mmoja aitwaye Wekesa akanisogelea. Alikuwa mtu mkimya ambaye ungeweza kufanya naye kazi wiki nzima usiijue sauti yake.

"Mkubwa, hii njia ya chini imelowa," akasema. "Trekta haipitangi hapa kukiwa hivi. Ngoja kwanza tuangalie."

Alisema mbele ya wote, na hilo ndilo lililoniuma. Nikamjibu, "Wewe kazi yako ni panga. Mambo ya trekta niachie mimi." Wenzake wakacheka kidogo, si kwa furaha. Wekesa akainama, akaanza kukata, na wengine wakamfuata. Kufikia adhuhuri miwa yote ilikuwa chini.

Wewe hujawahi kukata miwa, kwa hiyo nikueleze. Muwa ukiwa umesimama unaweza kukungoja. Ukishakatwa haungoji mtu. Jua linaunyonya, na baada ya siku chache unakuwa kuni tu, na hakuna kiwanda kinachosaga kuni.

Trekta ya kupeleka miwa kiwandani ikaja. Dereva akashuka, akaikanyaga ile njia ya chini mara moja, matope yakameza kiatu chake.

"Hapa siingii," akasema. "Nikizama nani atanivuta? Nitangoja pale barabarani mpaka jioni. Baada ya hapo naenda upande wa Butere, na kurudi huku sijui ni lini."

Mama Makokha hakulia wala hakunitukana. Aliketi kwenye tuta, akaokota muwa mmoja, akaanza kuupangusa udongo kwa leso yake. Heri angenitukana. Nikawageukia wakataji, nikawapigia kelele wafanye kitu. Hakuna aliyeinuka. Kazi yao ilikuwa panga, nilikuwa nimesema mwenyewe, na ya panga walikuwa wameimaliza.

Mzee Shiundu aliishi karibu, na nadhani ni kelele zangu zilizomleta, akitembea polepole na mkono kiunoni. Akaitazama miwa, akaitazama njia, kisha akanitazama mimi.

"Nani alikwambia njia ni mbaya?"

"Wekesa."

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Kwamba kazi yake ni panga." Mzee akaelewa. "Kama ulimwaibisha mbele ya watu," akasema, "usiende kumwomba msamaha kando. Mwambie hapo hapo, wote wasikie. Halafu umuulize yeye mfanyeje. Mimi usiniangalie hivyo, sina mgongo wa kubebea."

Mwanangu, hazikufika hatua ishirini kutoka pale nilipokuwa mpaka alipoketi Wekesa, lakini niliona ni mbali. Nikasema nimekosa. Nikasema aliniambia kweli, nami nikamnyamazisha kwa majivuno, na sasa sijui la kufanya. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa gumu kulitamka.

Wekesa akainuka, akaelekeza panga upande wa juu. "Iko njia ya juu," akasema, "nyuma ya migomba ya jirani. Inatokea kule kwa trekta, na haishikangi maji. Nikimwomba atafungua ua, huyo tunajuana. Lakini ni kubeba kwa bega, mkubwa. Na hizo gambuti zako zitachafuka."

Wote wakaangua kicheko, na safari hii nami nilicheka.

Tukabeba. Jirani akafungua ua, yeye na mkewe wakaja kusaidia. Mzigo wa kwanza niliuchukua mimi, na majani ya miwa yakanichana shingo. Alama iko hapa, ukitaka nitakuonyesha. Nilipoiona ile trekta ikiondoka na trela limejaa, jua bado lipo, nilikaa kwenye matope nikicheka peke yangu. Nafuu kama ile nimeipata mara moja tu tena, siku uliyozaliwa wewe salama.

Mama Makokha akatupikia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga. Nikaomba jagi, nikawamwagia maji ya kunawa wote kumi na wawili, nikianza na Wekesa. "Maji yako ni baridi, mkubwa," akasema, na tangu siku hiyo hakunyamaza tena. Nami kila asubuhi, kabla ya kuita majina, niliuliza: njia ikoje? Nani ameamka mgonjwa? Panga la nani limeisha makali? Ni mambo madogo, lakini kazi ya nyapara ilikuwa hiyo hasa. Sauti kubwa niliitumia mara chache.

Basi mwanangu, vaa koti lako, lakini pale stendi yuko mtu mkimya anayejua jambo ambalo wewe hulijui. Mtafute kabla hujatoa amri ya kwanza. Akikukosoa mbele ya wenzako itakuuma. Meza mate, umwambie aendelee. Ukikosea, kiri palepale ulipokosea, kisha uwe wa kwanza kubeba.

Mungu akupe masikio mapana na shingo isiyoogopa mzigo. Na siku utakapokosea, maana utakosea tu, akujalie bado uwe na mtu ambaye hajachoka kukwambia kwamba njia imelowa.