"Ndiye" Iliyotaka Kuvunja Posa Bukavu

Dada yangu alinituma Bukavu kwa sababu mwanawe Hamisi, fundi wa simu huko, alikuwa amepata mchumba aitwaye Furaha, na posa haipelekwi na bubu. Mimi nimefundisha Kiswahili Tanga miaka thelathini. "Nenda ukatusemee vizuri," akaniambia. Nikaona wamempata mtu.

Siku tatu za basi zilinifikisha mpakani, mto Ruzizi, nikiwa na miguu iliyovimba. Upande wa Kongo, mama wa uhamiaji alinirudishia pasi yangu. "Papa, kila kitu iko sawa."

"Kiko sawa," nikamsahihisha.

Akaichukua tena, akaanza kuisoma upya, ukurasa kwa ukurasa.

Ijumaa baada ya swala, Hamisi alinipandisha ngazi za udongo za mtaa wa Kadutu hadi kwa Papa Rajabu, baba yake Furaha, muuza vitenge ambaye babu yake alitoka pwani. Tulikula bugali, ndio ugali wao, na sombe, yaani kisamvu, na visamaki vya ziwani viitwavyo sambaza. Aliyetuandalia ni Zawadi, dada mkubwa wa Furaha, mwalimu, hajaolewa. Nilinawa, nikakohoa, nikasimama.

"Binti huyu, Furaha, ndiye tunayemtaka!"

Mama yao akaweka kikombe chini. "Ndiye? Kwa hiyo ule mwingine hamumutaki? Iko na kilema gani?"

"Sikusema hivyo!"

"Umesema ndiye," akadakia Papa Rajabu. "Ukisema ndiye, umechagua moja, wengine umewatupa. Hapa iko mabinti wawili."

Somo hilo nimelifundisha kila mwaka, na wanaolikosea nimewachapa alama sifuri. Hamisi alikuwa anafuta jasho kwa kitambaa cha meza.

Nikaiondoa ndiye. "Tunamtaka Furaha!" Ila jina nililipaza kama mwadhini.

"Ni ile ile!" mama akasema. "Neno umelitoa, sauti umeibakiza." Akaanza kukusanya sahani, na sambaza bado zipo. Hamisi alinitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua, na mwenye kiberiti ni mjomba.

Zawadi, aliyesimama mlangoni, akacheka, akaniita mjomba kwa Kifaransa. "Tonton, usipande juu kwa jina. Jina tunalijua. Weka nguvu kwa ile kitu hatujajua: munamupenda kweli, ao muko naomba tu?"

Nikaketi. Nikalitaja jina polepole, kama la mtu tuliyekwisha kumzungumzia, nikapumua, uzito wote nikauweka mwishoni. "Furaha... tunampenda."

"Sana," Hamisi akaropoka, ingawa mchumbiaji hatakiwi kufungua kinywa.

Mama akamtazama, akatabasamu, akarudisha sahani. Papa Rajabu akaomba fatiha isomwe.

Jumapili Zawadi alinisindikiza hadi mpakani. Nilimwomba radhi kwa kumwaibisha.

"Tonton, wanaume watatu walikuja kunioa. Ni mimi nilikataa." Akaniambia na sababu za kila mmoja, wa tatu alikuwa anakoroma hata akiwa macho. Tulicheka mpaka askari akatugeukia. Siku mbili nilikula chakula chake, na hayo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwake, nayo yalikuja kwa mlango wa radhi.

Nyumbani watu wameniuliza nimejifunza nini Kongo. Sarufi nilikwenda nayo, nikarudi nayo. Nililojifunza ni kwamba kabla hujapaza sauti kwenye neno lolote, tazama kwanza nani ameketi chumbani.