Mgeni Haondoki Bila Kula

Nimefanya kazi nyingi: kuchoma nyama Kamakis, kuuza mitumba Ruiru, kufuga sungura Kalimoni. Kila moja ikinichosha, narudi Kamenu kwa mama. Haniulizi kitu. Ananipikia.

Mwaka ule dadake alipooza upande mmoja. Presha ya mama nayo ilikuwa juu, na dawa hazikuishusha. Niliogopa. Watafiti wa magonjwa ya moyo walipokuja kanisani kutafuta watu wa kufuatilia afya zao, nilimsukuma mama ajiandikishe.

Wakamtuma msichana mmoja nyumbani na mashine ya kupimia. Shule niliiacha mapema, lakini kuuliza sikuacha. Namba ya juu ni ya nini? Ya chini je? Mama akanikemea. Jina langu ni la babake, ndiyo maana huniita Baba.

"Baba, mwache mgeni apumue!"

Msichana akamuuliza anakula nini.

"Mboga za kuchemsha," mama akasema. "Mafuta kidogo sana. Chumvi naionja tu."

Nikatazama chini nisicheke. Kwetu mgeni haambiwi jambo la kumsikitisha, na huyu ilionekana wazi anapenda kusikia mboga.

"Asante, cucu," akasema, akimwita nyanya kwa Kikuyu.

"Cucu wa nani?" Mama akaninyooshea kidole. "Huyu ameniletea mjukuu gani?"

Lakini kwetu pia mgeni haondoki bila kula. Mama akaleta mukimo, viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na majani ya malenge, uking'aa mafuta. Kabla ya kuuweka mezani akaunyunyizia chumvi tena, kwa heshima. Msichana akaonja, kisha akanywa maji kikombe kizima.

"Cucu, hii ndiyo ya kuchemsha?"

"Hiyo ni ya mgeni."

"Na huyu?" Akanielekezea kijiko. "Yeye hupikiwa ipi?"

"Huyu huja na kuondoka. Nimpe mboga za kuchemsha, atarudi kweli?"

"Akiwa hapa, wewe unakula nini?"

Mama akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua.

"Tunakula pamoja."

Nilikuwa nyumbani tangu mvua ianze.

"Mama," nikasema, "mimi hurudi kwa sababu yako. Hata ukipika maji."

"Hivyo ndivyo mnavyosema. Utakula bila chumvi?"

"Nitakula."

"Na utanung'unika."

"Nitanung'unika nikila."

Akacheka, akanipiga begani. Msichana akakata alichokuwa ameandika.

"Haya cucu, tuanze upya. Jana mlikula nini?"

Mama akavuta stuli, akashusha pumzi, akaanza na chapati.