Chatu Hafunikwi Blanketi

Siku yangu ya kwanza kazini nilimfunika chatu blanketi. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, upepo wa ziwani unapenya kila tundu la bustani yetu ndogo ya wanyama pale Ujiji, nami nilipomgusa nikamkuta wa baridi kama mtungi. Nikamwonea huruma. Nikamkunjia blanketi pande zote kama mtoto mchanga, nikaenda kufagia huku nikijisifu. Kesho yake tukamkuta amemtapika panya mzima.

"Nani kamvisha nyoka?" aliuliza Meneja wa kwanza, mzee mpole sana.

"Ni mimi. Shikamoo."

"Marahaba. Binti, blanketi humtunzia joto mwenye joto lake. Huyu hana. Umemtunzia baridi."

Hapo ndipo elimu yangu ilipoanza, maana ya sekondari haikuwa na somo la chatu. Mwili wake hautengenezi joto kama wetu. Hulichukua juani au kwenye jiwe lililopata moto. Akikosa joto tumbo halisagi, chakula kinaozea ndani, naye anakitapika. Ndiyo maana akishiba huota jua muda mrefu.

Baadaye nikahamishiwa Simbo, kwenye banda la kulelea chatu wadogo. Ni karibu tu, lakini mimi ni mtu wa nyumbani. Nililia kama ninayepelekwa ng'ambo. Huko Msimamizi alinifundisha kutumia kipimajoto: upande wa joto nyuzi thelathini na mbili, upande wa ubaridi ishirini na sita. "Vipimo viwili, kizimba kimoja," alisema. "Nyoka mwenyewe atakwambia anataka kipi."

Niliporudi Ujiji nilimkuta Meneja wa pili, mtu wa haraka. Alikuwa ameondoa makuti na pango katika kizimba cha Bi Kubwa, chatu jike tuliyempenda kuliko wote, ili aonekane vizuri. Jua lilimpiga kutwa. Bi Kubwa akahamia kwenye karai la maji, kichwa tu nje. Wageni wakafurahi: anaoga! Mimi sikufurahi. Chatu asiyetoka majini, kama hakaribii kujivua ngozi, mara nyingi anakimbia joto. Tena alikuwa ameacha kula.

"Nyoka asiyekula ni mgonjwa," akasema Meneja. "Jumatatu daktari wa mifugo anakuja kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja."

"Meneja, si mgonjwa. Anaungua."

"Wageni wanakuja kuona nyoka, mama, si kuona shimo."

"Basi waje asubuhi, akitoka kuota jua. Nipe hizi siku mpaka Jumatatu."

Alinitazama kama mtu anayehesabu wazimu wangu, akasema, "Haya. Akifa kabla, utamzika mwenyewe."

Nikaweka jiwe bapa pale jua la asubuhi linapoanzia, na upande wa pili mtungi mkubwa uliovunjika, juu yake makuti. Sikumsogeza Bi Kubwa hata kidogo. Kazi ya mtunzaji si kumpa chatu joto. Ni kumwachia achague. Siku ya kwanza hakutoka majini, nami nilikosa hata hamu ya ugali. Ya pili akatoka, akajinyoosha juu ya jiwe, na jua lilipokolea akajivuta taratibu hadi mtungini. Jumatatu nikampa panya. Daktari alifika na mkoba wake akamkuta anammeza.

Meneja alitazama mpaka mkia wa panya ulipopotea. "Andika kibao," akasema. "Wageni waje asubuhi."

Sasa nimestaafu. Vijana walionirithi wana vipimajoto vinavyoonyesha namba zenyewe, na hilo linanipa moyo, ila nawaambia wamtazame nyoka kwanza, namba baadaye. Chatu anayeng'ang'ania jiwe kutwa anakwambia kivulini pamezidi ubaridi.

Juzi nilimpeleka jirani yangu wa Buzebazeba, Mama Furaha, akamwone Bi Kubwa. Yupo bado, mnene, amejimwaga juu ya jiwe lake. Nikasimama kando ya wavu nikaeleza habari yote, tangu karai hadi sindano. Mama Furaha alisikiliza mikono kiunoni, kisha akasema:

"Ningekuwa mimi ndiye meneja wenu, huyu angeshakuwa mikanda. Haya sogea huko, unamzibia jua."