Mwalimu Atuganile na kilichofukiwa golini

Saa kumi na mbili asubuhi, uwanja wa chuo kimoja cha ualimu huku Mbweni bado una ukungu wa baharini. Kunguru, ambao Dar hii hawana adabu ya kunyamaza, leo wamekaa kimya juu ya mtambaapanya wa goli. Chini yao Atuganile anachuchumaa golini, anafukua mchanga kwa kijiti.

Kinatoka kitambaa cheusi kilichofungwa uzi mwekundu. Ndani mna chumvi ya mawe, kucha za kuku na filimbi ya bluu. Filimbi hiyo ni yake, ilipotea mezani kwake wiki iliyopita.

"Vilivyofukiwa hapa zamani vilikuwa vya kuwafunga wapinzani," anasema bila kuinua macho. "Hiki kimefukiwa kwa ajili yangu."

Atuganile, mzaliwa wa Tukuyu aliyekuja Dar kucheza netiboli, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza idara ya michezo chuoni hapo. Kwenye netiboli hakuna aliyemsumbua. Balaa lilianza alipokabidhiwa pia timu ya mpira ya wavulana.

Na mpira wetu tunaujua, jamani. Timu ina kamati ya ufundi, na ufundi wenyewe si wa kupiga pasi. Ni kwenda kwa mganga, kufukia vitu golini, na siku ya mechi kuruka ukuta, kwa kuwa getini inasemekana adui ameshatega. Mwaka jana kipa Godlisten aliteguka bega akiruka ukuta huo, mechi haijaanza.

Mechi hiyo, nusu fainali, ilikuwa na kituko kingine. Kamati ilifukia dawa kwenye goli ambalo timu ilitarajia kulilinda kipindi cha kwanza. Mwamuzi alipotupa shilingi, nahodha akashindwa, wakapangiwa goli la upande wa pili. Dawa ikabaki kwa wapinzani, na kipindi hicho kila shuti la vijana wetu likagonga mwamba; mechi ikaisha wametolewa. Ungedhani kamati ingejilaumu. Wapi! Lawama akabebeshwa Atuganile, eti alikanyaga uwanja kabla ya wachezaji.

"Mzee mmoja wa kamati aliniita pembeni, akaniuliza kama niko kwenye siku zangu," anasema. "Mtu mwenye mabinti wakubwa. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi benchi."

Mwaka huu wamefika fainali, na mkuu wa chuo amempa Atuganile sharti: wakifungwa Jumamosi, timu inarudi kwa msaidizi wa Atuganile, Polikarpo, ambaye pia ni mlezi wa kamati. Polikarpo alimwambia mwandishi huyu kwamba hana ubaya na dada huyo, ila mambo mengine ni ya wanaume.

Jioni wachezaji wanakuja mazoezini. Desturi yao ni kumpa mwalimu mkono kabla ya kuanza kukimbia. Leo habari imewatangulia. Nahodha, Brightson, anasimama mbali kidogo.

"Shikamoo mwalimu. Eti umekishika kwa mkono?"

"Marahaba. Nimekishika."

Wanampita mmoja mmoja, mikono mgongoni, na hakuna anayecheka. Zinasikika njumu tu zikikwaruza mchanga. Mwandishi huyu, ambaye siku zote husema haamini mambo hayo, alijikuta akifuta viganja kwenye suruali yake.

Wa mwisho ni Godlisten. Anautazama mkono wa mwalimu, ambao bado umenyooshwa, anaugusa kwa ncha za vidole, kisha anawakimbilia wenzake bila kugeuka.

Uwanja unapobaki mtupu, Atuganile anakusanya mipira mwenyewe. Amewatangazia vijana kwamba Jumamosi hakuna kuruka ukuta, na hajui wangapi watamsikiliza.

"Naogopa, sikudanganyi," anasema. "Mie nimelelewa kanisani, lakini leo nilipofungua ofisi nilihisi kabisa kuna mtu amekaa kwenye kiti changu. Nikasema samahani, nikakaa hivyohivyo. Na Jumamosi nitapita getini. Wakinifuata, tutaingia wote. Wasiponifuata, nitaingia peke yangu, nikae benchi niwasubiri."