Jumamosi Tuliyokwama Langoni

Salamu nusura zinitoe roho siku ile.

Mie ndiye niliyekuwa msimulizi wa mchezo wetu wa mezani, ule ambao kila mchezaji anabuni mtu wake, anamsemea na kumwamulia la kufanya, na penye mashaka dadu linakata shauri. Kazi yangu ilikuwa kuwaeleza wanachokiona na kuwasemea watu wengine wote wa hadithi. Kazi nyingine, ambayo hakuna aliyenionya, ilikuwa kuwasukuma watu wazima watatu wasogee mbele.

Tulikutana kwangu Kinyerezi kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alikuwepo dada yangu, muuguzi. Alikuwepo rafiki yetu wa Manzese, Mwarabu wa hapahapa mjini, muuza mabomba na misumari katika duka alilorithi kwa babu yake. Na alikuwepo mwalimu wa uraia, mtu wa Bukoba, aliyesoma kanuni za mchezo kama anayejiandaa kwenda mahakamani.

Jumamosi hiyo haikuwa ya kuchezea. Dada alikuwa amehamishiwa Songea na kesho yake alikuwa anasafiri. Tuliahidiana kumaliza hadithi kabla hajaondoka: wamrudishe kisimani jini aliyekausha maji ya mji mzima. Jini alikuwa ndani ya ngome. Langoni nilimweka bawabu, mzee mwenye kikohozi, niliyembuni palepale nikidhani watampita tu.

Muuza mabomba akasogeza kiti. "Namwamkia. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikajibu kwa sauti ya bawabu.

"Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Na hicho kikohozi, umekunywa nini?"

Bawabu hakuwa na nyumba wala watoto. Ikabidi nimpe. Nikampa binti aliyeolewa mbali, na hilo likazaa maswali mengine. Kumkatiza mzee anayesalimiwa sikuweza, hata kama mzee mwenyewe ni mie. Nilipomaliza kumwoza yule binti, mwalimu akainua simu yake.

"Samahani, msimulizi. Kanuni inasema bawabu anaweza kushawishiwa mara moja tu. Sasa, salamu ni ushawishi au si ushawishi?"

"Si ushawishi, kaka! Ni adabu," muuza mabomba akasema.

"Adabu yenye lengo ni ushawishi."

Wakabishana mpaka kahawa ikapoa. Nikajaribu kudokeza kwamba jua la hadithini linazama. Mwalimu akauliza kama kuna kanuni ya jua. Nikageuka kumtazama dada, ambaye mtu wake alikuwa mpiga mishale hodari. Hakuwepo mezani. Alikuwa jikoni anaosha vikombe vyangu, siku yake ya mwisho Dar.

Hapo nikachemka. Niligonga meza hata madadu yakaruka.

"Basi! Kuanzia sasa, nikikuuliza unafanya nini, nahesabu mpaka tano. Ukiwa hujajibu, mtu wako kaduwaa, zamu inahamia kwa mwingine."

"Kanuni hiyo haipo," mwalimu akasema.

"Ipo sasa hivi. Na nyie mlivyokuwa mnapiga soga, jini kawasikia. Lango limevunjika. Huyo hapo mbele yenu. Dada! Unafanya nini?"

Alitoka jikoni mikono ikichuruzika povu. "Namlenga jicho!"

Hata moja sikuwahi kuhesabu. Akarusha dadu, likadunda, likaingia chini ya friji. Mwalimu akalala kifudifudi na tochi ya simu, akatangaza kutoka huko chini, kwa uaminifu wa kuudhi, kwamba mshale umekosa.

Nikamgeukia muuza mabomba. Nikaanza: moja, mbili, tatu.

"Namkinga bawabu kwa mwili wangu," akasema. Jini akamvunja mbavu. Mwalimu akatupa kamba bila kutaja kanuni hata moja, dada akaikamata, na kwa pamoja wakamburuta jini hadi kisimani. Tuliyoshindwa mchana kutwa yakaisha kabla ya adhana ya magharibi. Dada alipiga kelele za ushindi hadi jirani akachungulia ukutani. Kisha akatukumbatia mmoja mmoja, na muuza mabomba akajifanya anatafuta viatu vyake.

Nilidhani nimepata dawa. Siku hizi tunacheza hadithi mpya, dada akiwa kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai. Picha inaganda akiwa ameachama. Kumhesabia siwezi, kwa sababu sijui kama anafikiri au mtandao umekwama.

"Unatusikia?" mwalimu anauliza.

"Nawasikia. Nyie mnanisikia?"

"Tunakusikia. Wewe unatusikia?"

Muuza mabomba anainamia simu. "Sista, habari za Songea? Baridi haijakushinda?"

Naye anajibu kwa kirefu, huku mie nimeshika dadu.